Majiko Mawili ya Ua wa Mihambo

Jiko la wivu hulisha kaburi.

Mmeyasikia maneno hayo leo asubuhi hapa matangani, Bi Kalunde alipowaambia wale wakaza wana wawili waliokuwa wakinyang'anyana mwiko, kila mmoja akitaka waombolezaji wale chakula chake. Ninyi mkacheka, kisha mkauliza yametoka wapi. Hayakutoka mbali. Yalizaliwa katika ua huu huu, na chanzo chake ni hiki.

Mihambo alikuwa mfuga nyuki, mizinga yake ikining'inia katika misitu ya Tabora. Alikuwa na wake wawili. Mkubwa alikuwa Nyamizi, ambaye wanawe walikuwa wameshaoa na kuolewa. Mdogo alikuwa Kalunde, mwenye watoto wawili wadogo, binti Kabula na mvulana Limi. Kila mke alikuwa na nyumba yake na jiko lake, na Mihambo alikula na kulala kwa zamu.

Kalunde hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na masikio. Zamu ya mwenzake ilipofika, alisikiliza ng'ambo ya ua. Mume akicheka kule, chakula kilimkwama Kalunde kooni. Sahani ikitoka kule na makombo, siku hiyo aliimba akitwanga.

Mwaka mmoja, rafiki wa Mihambo, mfuga nyuki kama yeye, alianguka kutoka mtini akirina asali, akafa. Wanawe waligawanywa kwa ndugu kama vifaranga. Mihambo alirudi kutoka mazikoni, akawatazama Kabula na Limi, akasema atakata bima ya maisha, ili siku akiondoka watoto hawa wasitawanyike.

Afisa wa bima alimtaka apimwe kwanza. Sukari ikaonekana imepanda sana. Afisa, kijana mpole, akamwambia, "Mzee, hatujakukataa. Wenye sukari pia tunawapokea, ila iwe imetulia. Jitunze miezi mitatu, kisha upimwe tena."

Nyamizi, kwa kuwa ndiye mke mkubwa, alimsindikiza mumewe hospitali kusikiliza masharti ya chakula. Mihambo aliachwa bombani akinawa kidole kilichotobolewa, na muuguzi akamweleza Nyamizi kwa kirefu. Waliporudi, Kalunde alikuwa amesimama mlangoni.

"Wamesemaje, dada?"

"Asile sukari," Nyamizi akajibu akipita.

"Hayo tu?"

"Ulitaka wasemeje? Wakutaje jina?"

Kalunde akaingia ndani moyo ukimuungua. Akaona wazi kwamba mwenzake anataka mume apone kwa mkono wake peke yake, bima ipite, na nyumba ya mke mdogo iishi ikimshukuru. Akaapa kumshinda. Sukari yote iliyokuwamo ndani akawapa majirani, akafungua kibuyu cha asali.

Msishangae. Mtu aliyezaliwa kati ya mizinga haiiti asali sukari. Sukari ni kitu cha dukani, asali ni dawa. Mtoto akikohoa hupewa asali, kidonda hupakwa asali. Basi Kalunde akatia asali kwenye uji, akatia kwenye chai, akamiminia juu ya viazi vitamu. Mihambo alikula akilamba vidole. Zamu ya Nyamizi alikula mboga ya mlenda na bonge dogo la ugali wa mtama kama mtu anayetumikia kifungo, na Kalunde alijua, kwa sababu alisikiliza.

Siku moja Nyamizi alikuja kuazima ungo. Akamkuta Kalunde ameinamisha kibuyu juu ya uji wa mume. Macho yake yakasimama pale.

"Karibu uonje, dada," Kalunde akamwambia kwa kebehi. "Huku hatupiki mlenda."

Nyamizi akafungua kinywa, kisha akakifunga. "Ahsante, nimeshiba." Akachukua ungo, akaenda zake. Kalunde akacheka mpaka akashika mbavu.

Lakini Mihambo hakuwa akipona. Kiu haikumwisha, macho yakaanza kuingia ukungu, na kidonda kidogo cha mguuni kikakataa kufunga. Kila mke akasema moyoni kuwa ni chakula cha mwenzake.

Siku ya kupimwa tena walikwenda wote, maana Kalunde aliapa habaki nyumbani. Wifi yao Mwanne, dada yake Mihambo, akafuatana nao ili wasirukiane njiani. Muuguzi akasoma majibu, akakunja uso.

"Mzee, kipimo hiki hakisemi habari za jana, kinasema za miezi yote mitatu. Sukari imepanda kuliko mwanzo. Hivi hivi, bima hawakupi. Na mguu huu tukiuchezea, utakatwa."

"Haiwezekani!" Kalunde akaruka. "Kwangu sukari haiingii hata chembe!"

"Chai anakunywaje, mama?"

"Kwa asali."

Muuguzi akaweka kalamu chini. "Asali? Asali, viazi vitamu, uji mtamu, vyote nilivieleza. Nilimweleza mama huyu hapa."

Kalunde akageuka taratibu. "Dada. Ulikuja kuazima ungo. Ukaona kibuyu."

"Niliona."

"Ukanyamaza!"

"Ulinicheka, Kalunde," Nyamizi akasema. "Nikasema, acha sukari yake ipande kwako, ishuke kwangu, aone mwenyewe nani mke."

Mihambo alikuwa ameinamia mguu wake. Akauliza bila kuinua kichwa, "Kumbe mimi ni mizani yenu?"

Kalunde alitaka kumrukia mwenzake, lakini swali lile likamshika. Akakumbuka kwamba kwa miezi yote hiyo hakuwahi hata mara moja kumuuliza mumewe, "Mguu unaendeleaje?" Alimuuliza tu, "Kule umekula nini?" Akawaona akilini Kabula na Limi wakishikwa mikono, kila mmoja na njia yake, kama watoto wa yule aliyeanguka mtini.

Mwanne akajifunga kanga vizuri, akasimama. "Nikipita ua ule nanusa majiko mawili, nasema mdogo wangu kabahatika. Kumbe mnawapikia mchwa! Jiko la wivu hulisha kaburi, nyie wanawake. Na kaburi likishashiba haliulizi mke mkubwa ni yupi."

Walipofika nyumbani Mwanne hakusubiri hata maji ya kunywa. Akang'oa mafiga ya majiko yote mawili. Akachukua mawili ya Nyamizi na moja la Kalunde, akayapanga katikati ya ua.

"Wifi," Kalunde akasema kwa sauti ndogo, "kwa nini mawili yake, na langu moja?"

Mwanne akamtazama mpaka Kalunde akainama.

Tangu siku hiyo walipika chungu kimoja. Msidhani wivu ulikufa. Ulipata kazi, basi. Mmoja akinyoosha mkono kwenye kibuyu, mwenzake alikohoa. Kidonda kikafunga polepole, sukari ikatulia, na Mihambo alipopimwa tena, bima ikakubaliwa, ingawa kwa ada kubwa kuliko ya wazima. Aliishi mpaka Limi akaota ndevu za kwanza. Alipofariki, bima ikalipa. Kabula akamaliza masomo, Limi akamaliza, wakilala nyumba moja, wakila sufuria moja.

Uzeeni sukari ikamwingia Nyamizi naye. Aliyempikia alikuwa Kalunde. Wiki iliyopita, akimnywesha uji, Nyamizi alionja akakunja uso.

"Umetia asali?"

"Sijatia, dada."

"Hata tone? Nani atajua?"

"Hata tone. Ukifa, nitamwonea nani wivu?"

Wakacheka wote wawili, yule mgonjwa mpaka akapaliwa. Huo ndio uliokuwa uji wake wa mwisho, na matanga haya ni yake. Na leo asubuhi, Bi Kalunde alipoona mwiko ukivutwa huku na huku juu ya mafiga yale yale matatu, hakupaza sauti. Aliwaondoa wale wakaza wana mikono, akautia mwiko chunguni, akasema polepole kama anayemsemesha mtu aliyelala:

Jiko la wivu hulisha kaburi.