Mdakaji Asiye na Uso

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa gani hiyo, imelala? Na nyie wakubwa huko nyuma, msijifanye mmesinzia. Hadithi hii ni yenu kuliko ya watoto. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, kale sana, wanyama walikuwa na mchezo wao. Mmoja anarusha mpira. Mwingine anasimama na rungu, anaupiga, pa! Kisha anatimua mbio. Anazunguka vichuguu vinne, na akirudi alipoanzia kabla mpira haujamfikia, timu yake imepata bao. Nyuma ya mwenye rungu anachuchumaa mdakaji. Mpira usipopigwa, ni wake. Ukimgonga kifuani, ni wake. Ukimgonga puani, ni wake pia.

Mdakaji wa timu ya bondeni alikuwa Kakakuona. Mnamjua Kakakuona? Yule mwenye magamba mwili mzima, anayejikunja akawa duara. Alikuwa na binti yake mdogo. Kwenye mchezo binti alikaa chini ya kichaka. Nje ya mchezo alipanda mgongoni kwa baba yake, akang'ang'ania huko.

Mwaka huo mvua zilikuwa haba. Mito ikakauka. Likabaki bwawa moja, na ndani ya bwawa amekaa Kiboko, amelijaza, anajiita mlezi wa timu. Akasema, "Vijana wangu, nileteeni ubingwa. Mkishinda, mtakunywa hapa kiangazi chote, nyie na watoto wenu. Nikisema nimesema."

Binti akauliza, "Baba, na sisi tutakunywa?"

"Tutakunywa, mwanangu. Baba anadaka."

Msimu ukaanza. Mechi ya kwanza, wakapigwa. Ya pili, wakapigwa vibaya zaidi. Watoto wa wapinzani wakawatungia nyimbo. Mrushaji wa bondeni alikuwa Nguchiro. Mkono anao, jamani, lakini utulivu hana! Anarusha tu, vuu! vuu! popote mpira utakapokwenda.

Kakakuona akamwita pembeni. "Ndugu yangu, mimi namwona mwenye rungu kwa karibu. Naona goti linavyotetemeka. Naona anavyopumua. Basi wewe tazama mkia wangu. Mkia kulia, rusha kulia. Mkia kushoto, rusha kushoto. Mkia ukilala, rusha chini."

"Na nikikosea?"

"Ukikosea nitadaka. Kazi yangu hiyo."

Ee bwana wee! Mkia kulia, vuu! Daka! Mkia kushoto, vuu! Daka! Mkia chini, vuu! Daka! Wakawapiga pundamilia. Wakawapiga nyumbu. Wakawapiga mbuni, na mbuni kwa mbio mnawajua.

Sasa sikilizeni. Watazamaji walikaa mwambani, nyuma ya mdakaji, wasije wakapigwa na mpira. Kwa hiyo msimu mzima walimwona mgongo tu. Wakamwita Mgongo. "Mgongo! Mgongo! Daka, Mgongo!" Uso wake hakuna aliyeujua, ila wenzake waliokuwa uwanjani. Na aliyeujua kuliko wote ni Nguchiro, maana kila aliporusha walikuwa wanatazamana macho kwa macho.

Ikafika fainali. Bondeni na Nyani wa mlimani. Bondeni wanaongoza kwa bao moja tu, na Nyani mkubwa anakuja mbio, ti-ti-ti-ti! Kichuguu cha pili, cha tatu, cha nne, huyo anarudi kusawazisha! Mpira ukatupwa kutoka mbali. Kakakuona akaudaka, akaukumbatia, akajikunja akawa duara pale pale njiani. Nyani akajitupa, paaa! Akabingirika. Mpira haukutoka. Mwamba mzima ukalia, "Mgongo! Mgongo!"

Mabingwa! Bondeni mabingwa!

Kukawa na sherehe bwawani. Kakakuona akaoga vumbi, akambeba binti mgongoni, wakaenda. Midomo ya mtoto imepasuka kwa kiu. Bwawa limezungushiwa ua wa miiba, na mlangoni amesimama Ngiri, pembe juu, kifua mbele.

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye mdakaji."

"Mdakaji ni Mgongo. Wewe sikujui."

"Mgongo ndio huu hapa."

Ngiri akazunguka nyuma, akatazama. "Mgongo hana mtoto juu yake. Rudi."

Kakakuona akachungulia ndani. Bwawa limejaa. Shemeji zake Kiboko wamo. Binamu zake wamo. Kuna fisi mle ndani ambaye hajawahi hata kushika mpira, anaogelea! Na juu ya kichwa cha Kiboko ameketi Nguchiro, anakula.

"Mwulize yule," akasema Kakakuona. "Yule ananijua."

Ngiri akaita, "Bwana Nguchiro! Huyu unamjua?"

Nguchiro akatazama. Akamwona. Akamwona na mtoto. Kisha akatazama pale alipokaa, palivyo laini na palivyo juu. Akasema, "Mimi nawajua wengi. Huyu simkumbuki vizuri."

Simkumbuki vizuri! Hapa ndipo damu yangu huchemka. Msimu mzima anatazama macho yale! Makosa yake yote yamedakwa kwa kifua kile! Leo hamkumbuki vizuri? Haya, nipeni maji ninywe kwanza, nisije nikatukana mbele ya watoto.

Binti akasema, "Baba, ulisema tutakunywa."

Kakakuona akageuka. Akakaa chini, vumbini, nje ya mlango.

Ndani wakafikia desturi yao ya kufungua maji. Mrushaji wa mabingwa hurusha mpira mmoja, mdakaji anaudaka ukingoni, ndipo watu wanakunywa rasmi. Nguchiro akashuka, akasimama mbali. Wakaulizana, "Mdakaji yuko wapi?"

Kiboko akacheka. "Kudaka nako ni kazi? Mdomo wote huu mnauona? Rusha, kijana. Bingwa mwenyewe ni mimi."

Akapanua mdomo, aaaa! Nguchiro akangoja mkia. Mkia haupo. Kulia? Kushoto? Akarusha kwa nguvu zake zote, vuuu!

Kwap!

Mpira ukazama kooni. Ukakwama. Kiboko akatoa macho. Shemeji wakakimbia. Binamu wakakimbia. Fisi sijui hata alipitia wapi. Nguchiro akapiga kelele, "Kakakuona! Mwiteni Kakakuona! Yuko mlangoni, mwenye mtoto!"

Kumbe anamkumbuka! Kumbe hata jina analijua!

Ngiri akainama mpaka chini. "Shikamoo mzee. Pita, mzee wangu, pita."

Kakakuona akapita. Akafika ukingoni. Waliobaki wote wakamlilia, "Toa mpira! Toa mpira!"

"Mtoto kwanza," akasema.

Akamshusha binti. Binti akanywa. Kwa-kwa-kwa-kwa. Hakunywa sana, tumbo lenyewe dogo. Ndipo Kakakuona akaingiza kichwa kinywani mwa Kiboko, akatoa ule ulimi wake mrefu, unaonata, akauzungusha mpira. Vuta. Vuta. Pop!

Kiboko akakohoa, akavuta pumzi. "Mgongo wangu! Kumbe ulikuwepo?"

"Naitwa Kakakuona. Nitazame usoni."

Kiboko akatazama pembeni.

"Nitazame."

Akamtazama. Bwawa zima likamtazama.

Kiangazi chote Kakakuona na bintiye walikunywa pale, na hakuna aliyewauliza ni kina nani. Mvua ziliporudi, Nguchiro akaja, kichwa chini. "Ndugu yangu, msimu mpya unaanza. Nitarushaje bila wewe?"

"Sijui," akasema Kakakuona. "Na mimi sikukumbuki vizuri."

Akambeba binti yake, akaingia msituni. Timu ya bondeni haikuchukua ubingwa tena. Na mpaka leo Kakakuona haonekani ovyo. Ukibahatika kumwona, utamwona amejikunja, uso ameuficha ndani. Alishauonyesha siku ile, inatosha.

Basi shikeni neno hili, wadogo na wakubwa. Mtu akikubeba mpaka ukapanda juu, ukiulizwa kama unamjua, sema unamjua. Sema kwa sauti, mbele ya wakubwa, siku ya sherehe. Usingoje mpaka umemhitaji tena.

Yangu nimeyatua hapa. Atakayeisimulia kesho asilisahau jina la mdakaji.