Kilomita Kumi za Mzee Kaniki

Mzee Kaniki, tajiri wa mkonge, alikuwa na binti mmoja, Mwanamkuu, na alipenda pilau ya binti huyo kuliko mashamba yake yote. Kila aliyekuja kuposa alimwambia neno moja: "Mwanangu haolewi zaidi ya kilomita kumi. Pilau yangu ya Ijumaa isije ikanifikia baridi."

Akaja Semboja, fundi wa matairi. Mzee akaendesha pikapu yake mpaka kwa Semboja, akatazama dashibodi.

"Kumi na moja. Kaoe kwingine!"

"Mzee, unapimaje na matairi yaliyoota vipara hivi?" Semboja alisema. "Nikufungie mapya, zawadi yangu kwako, kisha upime tena. Gari likinikataa, naondoka."

"Gari langu halijui kudanganya," Mzee alisema kwa maringo.

Akafungiwa matairi manne mapya. Pikapu ikainuka mpaka Mzee akawa anaona utosi wa kila mtu barabarani. Akapima tena: kilomita kumi kamili. Harusi ikafanyika.

Ijumaa ya kwanza, Semboja alipoleta pilau, ilikuwa imeganda mafuta.

"Semboja! Mmehama?"

"Hapana, baba. Matairi yako mapya ni makubwa. Kila yakizunguka mara moja, gari linasogea zaidi kuliko zamani, na dashibodi inahesabu mizunguko tu."

"Mshenzi wewe! Nirudishie yangu ya zamani, sasa hivi!"

"Nitarudisha, baba. Lakini nikiyafunga tu, mwanao atakuwa amehamia mbali."

Mzee aliwaza kidogo.

"Basi yaache," akasema, akavuta sahani.