Ndoo Iliyomwagwa Kiangazi

Fungeni vitabu kwanza, ndugu zangu, mnisikilize. Leo naogopa, na sitaki kuogopa peke yangu.

Palikuwa na bwana mmoja, mtu wa heshima zake, aliyepata kiwanja pembezoni mwa mji, kule ambako nyumba zinaukwea mlima. Kiwanja kilikuwa kizuri, ila kilipakana na bonde dogo lenye matete na miti ya mwituni. Bonde hilo lilianzia msituni juu, likashuka mpaka kwenye kinamasi chini ya mji. Kwenye ramani ya mipango miji lilipakwa kijani, na afisa ardhi alimwonya asiliguse, maana ndiyo njia pekee iliyobaki kati ya msitu na kinamasi. Nyingine zote zilikwisha kumegwa. Bwana akaitikia kwa adabu. Moyoni akasema, hatua chache tu, nani atajua?

Sasa watu wa mlima ule wana desturi yao. Kabla ya kuchimba msingi, mwenye kujenga humwaga ndoo ya maji kwenye mpaka wa juu, majirani wakishuhudia, na pale maji yanapopita hajengi mtu. Bwana hakutaka kusemwa. Akawaita majirani, akamwaga ndoo yake. Lakini aliimwaga mwezi wa tisa, ardhi imepasuka kwa kiu! Maji yakanywewa palepale, hayakwenda hata hatua moja.

"Mmeona wenyewe," akasema. "Hapa hapapiti kitu."

Majirani wakatazamana. Nani amkosoe mtu mzima mbele za watu? Ni mama mmoja tu, muotesha miche mwenye kitalu chake upande wa pili wa bonde, aliyethubutu kufungua mdomo.

"Baba, ndoo humwagwa masika," akasema. "Wanaopita hapa ni wengi, na hawapiti siku moja. Ukiwazibia njia hawatarudi walikotoka. Watapita mlangoni kwako."

Bwana akacheka, akaita mafundi. Ukuta wa tofali ukapanda, ukalifunga bonde toka ukingo hadi ukingo. Na kwa kuwa nafasi ilipatikana, akajenga chumba cha mjukuu wake papo hapo, kwa ndani, mgongo wa chumba ukiegemea ukuta.

Vuli ikaja na mvua haba. Wa kwanza kupita walikuwa siafu. Adhuhuri moja bwana alisikia mtoto analia kilio ambacho si cha njaa. Alipofungua mlango, msafara mweusi ulikuwa umepenya chini ya ukuta, umevuka sakafu, umeshafika kwenye mkeka. Akamnyakua mtoto, akawa anambandua siafu mmoja mmoja shingoni. Halafu akamwaga mafuta ya taa, akajiambia ni siafu tu. Baada ya wiki mbili akakuta nyoka chini ya kitanda cha mtoto. Akamuua, akajiambia ni nyoka tu. Huko kinamasini vyura wakanyamaza. Nyuki wa msituni hawakushuka tena, na maboga ya yule mama yakachanua vizuri, yasizae hata moja.

Jamani, mtu huyu alitaka aambiwe mara ngapi?

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huyu ukuta alikuwa nao. Alichokosa ni ufa wa kuwapisha wapitao, na hofu ilikuwa imeshamwingia. Alikuwa akiamka asubuhi anaupapasa ukuta kabla hajanawa uso. Aibu ya kuubomoa ikamshinda, akaendelea kuupapasa.

Ikafika masika. Alasiri moja mlima ukawa mweusi. Kitu cha kwanza alichokisikia hakikuwa radi. Yalikuwa mawe, yanabingirika huko juu, yanakuja. Akatoka mbio, akaweka kiganja ukutani. Ukuta ulikuwa umelowa, wa baridi, na ulikuwa unatetemeka. Chumbani mtoto amelala. Bwana akageuka, akaukimbilia mlango.

Mnanitazama. Mnangoja niwaambie kama alimfikia.

Sijui. Mvua hiyo bado haijanyesha.

Bwana yule ni sisi. Ndoo ile niliimwaga mimi, mchungaji wenu, hapa uani, mwezi wa tisa, nanyi mkapiga makofi. Siafu mnawakumbuka. Nyoka mlimuona. Muotesha miche ni Mama Namkunda, ameketi safu ya tatu, na tangu siku ile hakuna aliyemwomba radhi. Mama, nakuomba radhi leo, mbele ya hawa wote waliokucheka pamoja nami. Na ukuta ni ule mlioegemeza pikipiki zenu asubuhi hii. Tulisema ni ukuta wa Bwana, haudondoki. Kwani maji si ya Bwana? Aliyeyapa njia ni nani?

Hebu nyamazeni kidogo. Mnasikia hao wanaoimba kwenye chumba kile kilichoegemea ukuta? Ni shule ya Jumapili. Ni watoto wenu na wajukuu zangu.

Zimebaki wiki mbili masika yaanze. Sitawaongoza kuuombea ukuta usimame. Siwezi kuliombea kosa langu lidumu. Nyie kina mama mlio karibu na mlango, nendeni mkawalete watoto sasa hivi, waje wamalizie wimbo wao hapa mbele. Sisi wengine, kesho alfajiri tuje na nyundo na sululu. Mtanikuta nimeshaanza.