Kindi na Dawa ya Wazimu

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuazimana chumvi, alikuwapo Kindi, mwanamke mdogo wa umbo, mwingi wa maneno. Yeye na shoga yake Tembo walimpenda Chiriku mwimbaji kupita kiasi. Chiriku akifungua mdomo tu, wao hulia, huruka, hupiga vigelegele mpaka sauti zikauke.

Siku moja Mzee Nyati, mkuu wa kijiji, akatangaza: "Ni marufuku wanawake kwenda ngomani. Kumlilia ndege? Huo ni wazimu."

Kindi aliumia sana. Chiriku alikuwa anakuja Ijumaa, kisha angehama na mvua. Lakini hakubishana. Alijitanda kanga akaenda barazani kwa Nyati, akamkuta na Fisi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Wazimu haufungiwi ndani, mzee, unatibiwa. Ninayo shubiri. Ila nitajie dalili, nisije nikamnywesha mzima."

Nyati alifurahi kuulizwa. "Anayelia bila msiba, mgonjwa. Anayemkumbatia asiyemjua, mgonjwa. Anayekaukwa na sauti kwa mambo ya watu, huyo ndiye hasa."

"Na dozi?"

"Kibuyu kizima."

"Akikataa, abanwe pua," akadakia Fisi, kicheko hana pa kukiweka.

"Basi piga mbiu mwenyewe, mzee. Mimi mdogo, nani atanisikia?"

Buuu! Mbiu ikalia, ikawa sheria ya kijiji kizima.

Kesho yake kulikuwa na mechi, Wenye Pembe na Wenye Kucha. Kindi aliketi kando ya uwanja na vibuyu vyake vya shubiri. Tembo alisimama nyuma yake.

Mpira ukiwa karibu kwisha, Swala akaachia shuti. Paa! Wavuni.

Nyati akaruka, ardhi ikatetemeka. Akamkumbatia Kifaru mmoja mgeni, hata jina halijui. Akapiga kelele mpaka sauti ikakatika, machozi yakamchuruzika hadi kidevuni. Upande wa pili Fisi, timu yake imefungwa, alikuwa akigaragara mavumbini kama kafiwa na mama.

Ko ko ko! Kindi akagonga kibuyu. "Pole, mzee. Dalili zote unazo."

"Wazimu gani?" Nyati alikoroma. "Huu ni ushabiki. Naipenda timu yangu."

"Nasi twampenda Chiriku. Fungua kinywa."

Tembo akambana pua kwa mkonga. Gudu, gudu, gudu. Uso wa mzee ukajikunja wote. Kuona vile, Fisi akatimua mbio, na nusu ya uwanja nyuma yake.

"Nimeifuta ile sheria, na ngomani nendeni," Nyati alinong'ona.

"Ilikuja kwa mbiu, mzee. Iondoke kwa mbiu."

Akapuliza. Ikatoka sauti ya kifaranga, lakini kila mtu aliisikia.

Ijumaa Chiriku aliimba. Kindi na Tembo walipiga kelele wakashiba. Nyuma yao alisimama Nyati, eti amekuja kulinda usalama. Wimbo wa tatu macho yakamlowa.

"Vumbi," akasema.

Kindi akampa ncha ya kanga ajifute.

Basi mwanangu, kabla hujamnywesha mwenzio shubiri, ionje wewe kwanza.