Bibi na Kadi ya Mlangoni

Wapendwa, kabla sijafika kwenye somo lenyewe nina mfano. Nimeutunga jana nikipiga pasi joho hili, kwa hiyo ibada ikiisha asitoke mtu hapa na basi la mchana kwenda Korogwe kumtafuta huyo bibi. Hayupo. Na wale wanaocheka kwa kujifunika leso, leo naomba msijifunike.

Alikuwepo bibi mmoja, mfuma vitambaa. Mnavijua vile vitambaa vyeupe vya kutandika kwenye makochi. Mnakijua na kile cha kutundika mlangoni, kimedariziwa kwa uzi mwekundu, "Karibu Mgeni", na ua kila pembe. Bibi huyu alivifuma miaka arobaini. Nusu ya nyumba za wilaya ile zilikuwa zinakaribisha wageni kwa mkono wake.

Alipotimiza miaka sabini, binti yake, muuguzi ughaibuni, akasema sasa mama apumzike. Akakata tikiti mbili za meli ya watalii, ile inayozunguka visiwani siku nane. Waende wote wawili. Wiki ya kusafiri ikafika, binti akanyimwa likizo kazini. Majirani wakamjia bibi: "Utakwenda peke yako? Baharini? Siku nane?"

Bibi akasema, "Peke yangu vipi? Si nasikia humo ndani mna watu elfu mbili?"

Akafunga mizigo yake, akaenda Dar es Salaam, akapanda.

Sasa mkisikia meli, msifikirie ile mnayopanda kwenda Unguja mkitapika. Hii ilikuwa na ghorofa kumi na mbili. Lifti, saluni, ukumbi wa muziki, duka la viatu! Bibi akapanda mpaka juu kabisa, akakuta bwawa la kuogelea, watu wamo wanapiga mbizi. Akatazama bwawa, akatazama bahari, akatazama bwawa tena. Akasema, "Maji yote haya yametuzunguka, na bado mmeona mbebe mengine?" Alikula asubuhi, akala saa nne, akala mchana, na kila akitaka kushukuru na kuondoka mtu analeta sahani nyingine. Chumbani akakuta taulo limekunjwa likawa ndovu, na mkonga wake, na masikio. Hakuthubutu kumkunjua. Alimkalisha ndovu kitini, akajikausha kwa khanga.

Alifurahi, wapendwa. Nataka mlijue hilo, maana kuna watu humu wakiona mtu wa Mungu anafurahi wanaanza kumwombea. Alifurahi sana.

Kitu kimoja tu kilimshangaza. Siku ya kwanza kilipigwa king'ora, abiria wote wakavaa yale makoti ya kuelea, wakasimama kwenye mistari wafundishwe namna ya kujiokoa. Bibi akasalimia mstari mzima, mkono kwa mkono. Filimbi ikalia, kila mtu akavua koti, akaingia kwake, akafunga mlango. Watu elfu mbili, na korido ya vyumba kimya kama mtihani wa darasa la saba.

Basi, chumbani kwake bibi aliiona kadi. Nene, inang'aa, imechorwa kombe la dhahabu, ina tundu la kupitisha kitasa cha mlango, na chini yake maneno ya Kizungu. Mliowahi kulala hoteli mnaijua kadi hiyo. Na msiojua nawaambia: inasema, "Tafadhali usinisumbue." Haya, ninyi mnajua. Yeye hajui. Alisoma Kiswahili, akajua na Kisambaa chake, lakini Kizungu hakikupita kwake. Akajiuliza swali ambalo nami nawauliza. Kitu cha maandishi mazuri, kinachotundikwa mlangoni, kwa maisha yake yote kilikuwa kinasema nini?

Semeni kwa sauti. Kinasema "Karibu"!

Bibi akaitundika nje. Akavaa khanga mpya, akapanga biskuti kwenye sahani, akakaa kungoja wageni. Hakuja mtu. Akaja mtu wa usafi, Mfilipino, na kigari chake cha mashuka. Akaiona kadi, akainama kwa heshima, akaondoka kwa ncha za vidole. Bibi akamsikitikia. "Masikini," akasema, "ana haya."

Kisha akaona kwamba mlango unaotazamana na wake nao una kadi. Ikamuuma. Huyu jirani naye anakaribisha watu kutwa nzima, na hakuna aliyekwenda! Asubuhi yake akabeba skonzi mbili kwenye karatasi, akasimama mlangoni. "Hodi!"

Mlango ukafunguka upana wa kiganja. Mzee wa Kizungu, mrefu, mwembamba, mashavu yamebonyea, nywele hazijaona chanuo. Yule mzee akaichomoa kadi kwenye kitasa, akaileta karibu na pua ya bibi, akaigonga kwa kidole.

"Nimeiona, baba!" bibi akasema. "Ndiyo maana nimekuja. Umeamkaje?"

Mzee akasema maneno makali kwa lugha yake. Bibi akaitikia, "Nami namshukuru Mungu," akampa skonzi, akarudi kwake ameridhika.

Kesho yake akaenda tena. Mzee akagonga kidole neno moja moja, polepole, kwa hasira. Bibi akaona ana bahati, jirani anamfundisha kusoma Kizungu. Siku iliyofuata tena. Na siku ya nne, sijui mtanielewa vipi, yule mzee alifungua kabla hodi ya pili haijatoka. Hakugonga kadi. Alipokea skonzi zake, akatikisa kichwa, akafunga. Lakini alifunga taratibu.

Katika ukumbi wa kulia alikuwemo mhudumu mmoja, mwanamke wa Mombasa aitwaye Mwanasha. Miaka mitano alikuwa anabeba sahani melini, na wanawe anawaona kwenye simu. Siku bibi alipokaa meza yake akasikia "Shikamoo, bibi," alimshika mkono asimwachie mpaka supu ikapoa. Tangu hapo walikuwa wanazungumza kila mlo.

Siku ya sita asubuhi, bibi akapiga hodi kwa jirani. Kimya. Akapiga ya pili. Kimya. Akapiga ya tatu, akaweka sikio mlangoni, akasikia bomba la maji linatiririka. Akaenda ukumbi wa kulia, akaangalia kiti anachokaa mzee kule dirishani. Kitupu. Akamfuata Mwanasha.

"Mwanangu, jirani yangu haitiki."

"Labda amelala, bibi."

"Mtu halali bomba linamwagika. Twende."

Wakaenda. Wakamkuta yule Mfilipino na kigari chake. Alipoona bibi anataka kubisha, akaonyesha ile kadi, akatikisa kichwa. Mwanasha akaisoma. Akamgeukia bibi.

"Bibi, kila siku wabisha mlango huu?"

"Kila asubuhi. Si amekaribisha?"

"Hii kadi haikaribishi mtu, bibi. Yasema, 'Msinisumbue.'"

Bibi akaitazama kadi. "Siku zote hizi?"

"Siku zote hizi."

"Na ile ya kwangu?"

"Na ya kwako ni hiyo hiyo, bibi."

Mnacheka. Chekeni, na mimi nilicheka, pasi ikakaribia kuunguza joho. Lakini sasa nyamazeni kidogo.

Mpaka hapo bibi alikuwa na kinga. Hakujua kuisoma kadi. Mtu asiyejua anabisha mlango wowote kwa moyo mweupe. Sasa amejua. Amesimama pale aibu imemshika, amemsumbua bwana wa watu siku nne nzima kwa skonzi. Kadi ipo, imeandikwa, imesomwa na mwenye elimu yake. Angerudi chumbani akavuta khanga yake, nani angemlaumu? Ungekuwa wewe ungefanya nini? Usinijibu haraka, maana mimi naijua mitaa mnayokaa.

Mwanasha akasema kwa sauti ya chini, "Bibi, mimi naogopa. Tukimwamsha bure akaenda kushtaki, mimi na huyu kaka tutateremshwa bandari ijayo. Kazi basi."

Bibi akasema, "Basi ninyi simameni kule. Wakiuliza, waambieni ni bibi mjinga wa shamba, hajui kusoma."

Kisha akaupiga ule mlango kwa viganja vyote viwili, watu wakatoa vichwa korido nzima. "Hodi! Hodi humu! Baba, amka unifukuze! Njoo unifukuze mwenyewe!"

Ndani, kwa mbali, kitu kikagonga ukuta mara tatu.

Mfilipino hakungoja kuambiwa. Alifungua kwa kadi yake ya kazi. Walimkuta yule mzee sakafuni bafuni, nyonga imevunjika, amelala kwenye maji tangu jana jioni, sauti imemkauka, kiatu mkononi. Daktari wa meli alipomshughulikia akasema baridi ilikuwa imeshamwingia vibaya, na angeachwa mpaka mchana asingemkuta. Na angeachwa, wapendwa. Wala si kwa ubaya. Angeachwa kwa adabu kabisa. Kila mtu angepita mlangoni pake kwa ncha za vidole.

Siku mbili zilizobaki bibi alikaa kando ya kitanda chake katika zahanati ya meli, na Mwanasha akapewa ruhusa ya kuja kutafsiri. Mzee akasema, "Mwambieni mama huyu kwamba safari hii tulikata tikiti mimi na mke wangu. Amefariki miezi mitatu iliyopita. Niliweka kadi ili asije mtu kuniuliza mke wangu yuko wapi."

Mwanasha akatafsiri huku anafuta macho. Bibi akasogeza kiti.

"Basi niambie, baba. Mke wako yuko wapi?"

Mzee akaanza kusimulia. Walivyokutana, mkewe alivyokuwa anaimba vibaya, jinsi alivyounguza keki siku ya arusi ya mtoto. Akalia. Akacheka. Akaomba skonzi. Mwanasha alitafsiri mpaka akachoka, akanyamaza, na wale wawili hawakujua kama amenyamaza. Waliendelea mpaka jioni, huyu kwa lugha yake na huyu kwa yake, na wakacheka pale pale panapochekesha.

Sasa, sisi.

Mnadhani kadi zile zinatundikwa melini tu? Sisi hatuna kadi yenye kombe la dhahabu. Sisi tuna neno. Tunalitundika kila Jumapili pale getini, na tumelizoea hata hatulioni. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Neno moja, na mlango umefungwa. Mtu amefukuzwa kazi: nzuri. Mtu mumewe hajarudi wiki mbili: nzuri. Kuna mtu alinipa mkono pale mlangoni akitoka kuzika, akaniambia "nzuri, mchungaji," nami nikamwambia "Bwana asifiwe," nikashika mkono wa anayefuata!

Naomba msamaha kwa hilo. Nalisema wazi mbele yenu, maana yumo humu ndani.

Na ninyi ni wasomi, eti. Mnajua kusoma mlango wa mtu. "Mchungaji, yule dada hapendi kufuatwafuatwa." "Mchungaji, yule mzee alishasema hataki wageni." Nani kawatuma msome vizuri hivyo? Bwana wetu alipotutafuta, sisi tulikuwa tumetundika nini mlangoni? Tungekuwa wapi leo, kama naye angepita kwa ncha za vidole?

Lakini lugha yetu hii, Mungu aibariki, imetuachia ufa. Msikilizeni vizuri mtu wetu akisalimiwa. Hata aliyeunguliwa na nyumba atasema kwanza "nzuri". Kisha anavuta pumzi. Kisha anasema, "ila." Nzuri, ila mtoto anaumwa. Nzuri, ila sijalala tangu Jumatano. Habari yenyewe imekaa nyuma ya "ila", na shida yetu sisi ni kwamba ikifika tumeshaondoka.

Kwa hiyo leo sitahubiri tena. Nimefunga kitabu, mnaona. Kwaya, kaeni kwanza. Wazee wa kanisa, sadaka itangoja, na wali wenu nyumbani utangoja. Kila mtu amgeukie aliye kando yake. Mshike mkono, umuulize habari za nyumbani. Akisema "nzuri", usimwachie. Mtazame. Ngoja hapo hapo, hata ukiona aibu, mpaka aseme "ila".