Maziwa ya Fundi Mageti

Hebu nyoosheni mkono wa kulia, wote, hata wewe unayejificha nyuma ya nguzo ya kanisa. Umetulia? Mshukuru Mungu, ushushe. Maana kulikuwa na fundi mmoja wa kuchomelea mageti, na mkono wake ulikuwa umeanza kutetemeka.

Alikuwa hodari, jamani! Mshono wake wa chuma ulinyooka kama wa cherehani. Ila barakoa hakuvaa hata siku moja, eti ilimpa joto. Moshi aliuvuta wote, na jioni akanywa nusu lita ya maziwa, kama mafundi wenzake. "Maziwa yanaosha kifua," husema. Mnawajua, na wengine mmekaa humu ndani.

Basi mishono ikaanza kupinda. Geti la shule likarudishwa. Fundi akaogopa sana, kwa kuwa mkono ule ndio uliolisha nyumba. Akafanyaje? Akaongeza maziwa, lita nzima!

Binti yake alifanya kazi katika maabara walimochunguza seli za ubongo zilizooteshwa kwenye visahani vya kioo. Siku moja akamchukua baba yake, akamkalisha mbele ya hadubini.

"Baba, hizi ndizo zinazolinda ubongo. Tumeziwekea vumbi la chuma, laini kabisa, la kwenye moshi wenu. Linaweza kupita puani likafika hadi kichwani."

Fundi akachungulia, akaruka kitini. "Zinalizunguka! Zinalimeza! Mwanangu, kumbe nina askari kichwani!"

"Unao, baba. Sasa tazama kisahani cha pili. Hawa tumewawekea vumbi kila siku."

Askari walikuwa wamevimba, na sumu waliyomwaga kumpiga adui ilikuwa inaua seli za jirani, zile zile walizowekwa kuzilinda.

"Na mkiwamwagia maziwa kidogo?"

Binti alitaka kucheka, machozi yakamtoka. "Maziwa yanakwenda tumboni, baba. Vumbi halikupita huko."

Akamsogezea kisahani cha tatu. Humo askari wengi walikuwa wametulia, na majirani wengi walikuwa hai. Fundi akashika meza kwa mikono miwili. "Hawa! Hawa mmewapa dawa gani?"

"Hatukuwapa dawa. Tuliacha mapema kuwawekea vumbi."

Fundi akasimama. "Barakoa zinauzwa wapi?"

Mnamcheka? Haya, maziwa yetu sisi ni nini? Si ibada hii? Jumatatu tunasengenya, Jumatano tunadhulumu, Jumamosi sitaki hata kuitaja, halafu leo tunakuja mbio kunywa. Tunaimba, tunalia, na saa saba mchana tumo katika moshi ule ule! Dhamiri aliyotupa Mungu inapigana, ndugu zangu, inapigana kweli kweli. Lakini tukiichosha kila siku inageuka kama askari wale, inaumiza walio karibu. Ni nani mkali kuliko wote nyumbani, kama si yule anayejua amekosa? Anaunguza mke, anaunguza watoto, na wao hawajui kosa lao.

Kwa hiyo leo siiti mtu mbele kuombewa. Maziwa yamekwisha! Simameni, nyoosheni tena mkono ule, na mimi wangu huu hapa. Umegusa nini wiki hii? Usiniambie. Kesho Jumatatu, usikiguse.