Nailoni Kwenye Viti vya Pikapu

Wapendwa, usharika mmoja ulichangishana mpaka ukanunua pikapu mpya kabisa ya kupeleka wagonjwa hospitali. Mzee wa kanisa mmoja akakabidhiwa aisimamie. Weee, alivyoitunza! Nailoni ya kiwandani hakutaka itolewe vitini. Mama akishikwa na uchungu wa kujifungua, kwanza apanguswe viatu ndipo apandishwe!

Lakini aliyewauzia alikuwa amewaambia mzee na dereva wa usharika, wote wawili wakisikia: "Injini bado ngeni. Miezi ya mwanzo iendesheni taratibu. Mkiikimbiza sasa, itakunywa mafuta maisha yake yote."

Wiki ileile mzee akaozesha binti yake. Siku ya harusi akashika usukani wa pikapu mwenyewe, dereva akakaa pembeni. Msafara ulipoanza kupanda mlima, gari la wakwe likampita. Je, angekubali? Akakanyaga mafuta hadi mwisho, injini ikalia.

"Mzee, tuliambiwa taratibu," dereva akasema.

"Hebu nyamaza! Hili ni gari au mkokoteni?"

Akawapita wakwe huku anapiga honi, amejaa furaha.

Haikupita miezi mingi, pikapu ikaanza kutoa moshi. Ukijaza tanki leo, kesho kutwa mshale umelala. Baraza likaitwa. "Dereva anafyonza mafuta anauza," wakasema. Dereva akakana, akamtazama mzee. Mwenyekiti naye akamgeukia: "Mzee, wewe ndiye msimamizi. Una neno?"

Mzee alisikia uso unawaka moto. Neno alikuwa nalo. Lakini wakwe wangesemaje? Na kile kiti chake cha mbele kanisani, angekikaliaje tena?

"Sina neno," akasema.

Dereva akaweka ufunguo mezani. Hakugombana na mtu. Akasema tu, "Basi mzee wangu, niombee kabla sijaondoka. Nina watoto."

Mzee akamwekea mkono kichwani. "Baba, msamehe mtumishi wako..." Sauti ikakatika. Machozi yakamtoka, machozi ya aibu tupu. Na watu, jamani, wakanong'onezana: "Mzee wetu ana huruma! Tazama anavyomlilia mwizi!"

Hapo ndipo tulipo sisi. Nailoni tumeitunza, suti zimenyooka, vitenge vinang'aa. Lakini ule moshi unaotoka nyuma tumembebesha nani? Mkeo? Dada wa kazi uliyemfukuza? Mdogo wako ambaye hamsalimiani mpaka leo? Usimtazame jirani yako, nakuona. Wewe unajua vizuri ulikanyaga wapi.

Nilitaka tufunge kwa maombi. Hatufungi. Yuko mtu huko nje aliyeweka ufunguo mezani kwa ajili ya kosa lako. Mfuate kwanza, mwambie, "Ni mimi." Sisi tutakungoja hapa.